Pikipiki Mbili Nyekundu

Kwa mdogo wangu, mwenye mashine ya kusaga,

Nakusalimu mimi kaka yako, na wote wa nyumba hii wanakusalimu, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri, goti limepoa, na mashine yako inasaga bila kukohoa. Shemeji naye hajambo? Mwambie ule mkanda wa mashine ukipiga kelele asiupake sabuni, aukaze. Nilishamwambia mara mia, na najua anaendelea kupaka sabuni. Sisi huku tunasukuma siku. Mimi mwenyewe mwili mzima, nakula, natembea, ila usingizi wa wiki hizi mbili ni wa kushtuka shtuka. Sababu yake utaikuta humu ndani, na usiruke ukurasa.

Utaona mwandiko ni wangu. Siku zote anayeniandikia ni mke wa kijana wangu, lakini safari hii nilimwambia aendelee na shughuli zake. Akaniuliza tangu lini nimekuwa karani. Nikamjibu kwamba darasa la tatu la enzi zetu ni sawa na chuo chenu cha leo. Nimetumia siku tatu na kalamu mbili. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu nilizisoma kwenye matairi na makopo ya oili kuliko kwenye daftari, lakini zinasomeka, na anayesema hazisomeki alete zake tulinganishe. Sikutaka mtu aniandikie kwa kuwa humu kuna neno ambalo lazima litoke mkononi mwangu lifike machoni mwako bila kupita kwa mwingine.

Najua habari imeshakutangulia. Yule dereva wa lori anayeleta magunia kwako alipita hapa, akaniambia kwamba mashineni watu wanasimulia jinsi kaka yako alivyomlalia mtu aliyekuwa karibu kuchomwa moto, na jinsi alivyozima ghasia ya watu hamsini kwa ufunguo mmoja. Akasema wewe mwenyewe ulisimamisha mashine ili usikie vizuri, na uliposikia ukasema huyo ndiye kaka yangu. Huku mtaani jina langu sasa ni Mzee Funguo. Nikipita, fundi viatu anasimama. Kinyozi hataki nipange foleni. Sitakudanganya, mdogo wangu, mwanzoni nililipenda jina hilo kama mtoto anavyopenda viatu vipya.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kutoka mwanzo.

Mke wa kijana wangu ndiye aliyeanzisha habari ya macho. Alisema nimemsalimu mkungu wa ndizi mlangoni nikidhani ni mgeni. Uongo mtupu, nilikuwa najisemea mwenyewe. Lakini mwanamke akishika jambo hachoki, mpaka nikakubali kwenda kwa daktari wa macho kule mjini. Akasema niende na mtu. Nikamuuliza mtu wa nini, pikipiki nimeiendesha miaka arobaini, sijawahi kuanguka ila mara mbili, na zote mbili kosa lilikuwa la barabara.

Jengo la daktari ni refu, la ghorofa tatu. Chini maduka, juu ofisi. Mbele lina barabara na nyuma lina barabara, na hizo mbili zinafanana kama soli za jozi moja. Kila upande kuna mstari wa pikipiki zimebanana, kila upande kuna nguzo ya umeme, na kila upande madirisha ya chini yana nondo. Mtu aliyejenga hakuwa na mawazo mawili kichwani.

Unanijua kwa kuegesha. Vijana wa leo wanaifikia sehemu, wanapiga stendi, wanaondoka wanapiga mluzi, halafu jioni wanalia kwamba mji una wezi. Mimi na pikipiki yangu nyekundu nilizunguka mara tatu kwanza. Pembeni kwenye kona nilipakataa, malori yanakata kona kwa ubavu. Chini ya paa la duka la ndoo nilipakataa, linadondosha maji. Nikachagua nafasi ya tatu kutoka kwenye nguzo. Nikaigeuza uso utazame barabara, ili nikitoka nisihangaike kurudi nyuma katikati ya magari. Chini ya stendi nikaweka kipande cha ubao, maana lami ya saa sita inalainika kama siagi, na pikipiki moja ikilala inazilaza kumi. Nikafunga shingo ya usukani. Mnyororo nikaupitisha gurudumu la nyuma, si la mbele, kwa sababu la mbele linafunguliwa kwa nati moja na mwizi anakuachia gurudumu kama ukumbusho. Nikaufunga kwenye nondo za dirisha, juu, usiguse chini, ili mtu asipate pa kuuwekea akaupiga nyundo. Kisha nikamwomba mama mmoja muuza soksi aniangalizie. Aliitazama ile minyororo, akaniuliza, "Mzee, hiyo ni pikipiki au mfungwa?" Watu wakacheka. Nikamwambia acheke tu, jioni tutaona nani anarudi kwa miguu.

Kwa daktari nilikaa sana. Aliniambia nisome herufi za ukutani, nikamwambia mwanga ni mbaya. Akanitia matone kila jicho, mara mbili, akasema yanafungua mboni ili aone ndani. Akachungulia, akaandika, halafu akanionya kwamba mpaka jioni nitaona ukungu, jua litaniumiza, na nisiendeshe chombo chochote. Akaniuliza aliyenileta yuko wapi. Nikasema yuko chini ananisubiri. Nilikuwa na maana ya pikipiki.

Nilipofika ngazini, mama wa usafi alikuwa amezimwagia maji na sabuni. Akanielekeza ngazi za upande wa pili. Nikashuka, mkono ukutani, nikatokea mlangoni, na jua likanipiga. Unakumbuka siku ile ulipotazama moto wa kuchomelea bila miwani, ukakaa na viazi vilivyokatwa juu ya macho mpaka asubuhi? Ndivyo ilivyokuwa. Kila kitu cheupe, machozi yanachuruzika. Na katika weupe ule nikaona nguzo. Nikahesabu kutoka kwenye nguzo, moja, mbili, ya tatu ni pikipiki nyekundu, na juu yake kuna mtu amevaa kofia ngumu, na anaiwasha.

Haikunijia kabisa kwamba nimetoka mlango wa nyuma. Nilitafuta muuza soksi, hayupo, nikasema kumbe naye ni mmoja wao. Nilitafuta mnyororo, haupo, nikasema ameshautia begini. Nikapiga kelele. Sauti yangu unaijua, pale gereji tulipokuwa mafundi ilikuwa inapita juu ya injini nne. Nikasema mwizi, mwizi, pikipiki yangu.

Pale kona kuna kituo cha vijana wa bodaboda. Mkubwa wao wanamwita Breki, kijana mpana, mabega kama mlango. Wiki ile ile mwenzao alikuwa ameporwa pikipiki akachomwa kisu, yuko kitandani. Kwa hiyo neno mwizi lilivyowafikia, halikuwakuta wamekaa. Waliruka wote. Yule mtu wa pikipiki nyekundu, masikio yamo ndani ya kofia, hakusikia kitu. Alichoona ni wanaume kumi na zaidi wanamjia mbio. Akafanya ambalo wewe na mimi tungelifanya, akavuta mafuta. Hilo ndilo lililommaliza. Wote wakasema anakimbia. Mkokoteni wa maji ukamziba, akaanguka, pikipiki ikalala ubavu, nao wakawa juu yake.

Nilijipenyeza mpaka katikati. Watu walikuwa wananipisha, wananishika bega, wananiambia usijali mzee wetu, tumempata, leo ni leo. Nikatoa kitambaa nikafuta machozi. Breki akaniuliza kama ndiyo hii. Nikasema ndiyo. Kwa macho yale ya ukungu nikasema ndiyo. Na wao wakaendelea.

Sitakuandikia yote. Kofia ilimtoka. Alikuwa anasema maneno na hakuna aliyeyasikia. Kuna mwanamke mmoja wa duka la vitambaa aliyetoka mlangoni akapiga kelele kwamba huyu si mwizi, huyu ndiye anayechora vibao vya maduka, mtazameni mikono ina rangi. Mmoja akamjibu kwamba hata wezi wana kazi za mchana. Wengine wakaanza kuisimamisha ile pikipiki yake, wakachomoa mpira wa mafuta, petroli ikaanza kujaa kwenye kopo.

Hapo ndipo kaka yako alipoingia. Nilimwangukia yule mtu, mwili wangu juu ya mwili wake, na miaka yangu sabini na moja. Nilipigwa teke moja la mgongo ambalo mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Nikasema si yangu, mwacheni, si yangu. Hawakuamini. Mmoja akasema mzee ameingiwa na huruma. Mwingine akasema mwondoeni mzee. Nikatoa ufunguo wangu nikauinua juu, nikasema haya, chukueni muujaribu, ukigeuka mtuchome wawili. Neno hilo ndilo linalosimuliwa. Breki akaunyakua, akachomoa uliokuwemo, akautia wangu, haukugeuka. Akajaribu tena. Haukugeuka. Nikawaambia nimetokea mlango wa nyuma, tuzunguke jengo. Tukazunguka, mimi wananishika mkono kama kipofu, watu hamsini nyuma yangu, na kule mbele, ya tatu kutoka kwenye nguzo, ilikuwepo. Imefungwa kwenye nondo. Muuza soksi amekaa pembeni yake, akaniambia, "Mzee, mbona umekawia? Mfungwa wako hajatoroka."

Hakuna aliyecheka. Breki aliketi chini kwenye ukingo wa barabara kama mtu aliyekatwa miguu. Kijana mwingine akanitemea mbele ya viatu, akasema, "Macho huna, mdomo unao." Nilimwacha. Wengine walimkemea, wakasema mzee amekosea kama binadamu, na amekubali kosa mbele ya moto, nani kati yenu angethubutu. Askari walipofika niliwaeleza habari ya matone. Wakapanda kwa daktari, akathibitisha, wakaandika kwamba ni bahati mbaya.

Yule mchora vibao yuko wodini mpaka leo. Mbavu zimeanza kushika. Jicho limefunguka. Lakini mkono wa kulia, ule wa brashi, vidole vitatu vilivunjika na kifundo kimesagika. Daktari wa mifupa haahidi kitu. Ni mtu wa miaka kama thelathini na tano, mpole, ana mke na mapacha. Ukipita barabara ile, kila jina la duka ni mkono wake. Na lile tangazo kubwa la ukutani la kukataza kuegesha karibu na lango la zahanati, lenye herufi nyeupe zilizosimama kama askari, ni lake pia.

Nimekuwa nikienda kumtazama karibu kila siku. Nilipeleka machungwa. Siku ya kwanza mke wake alinishika mikono yote miwili, akaniita baba, akasema Mungu alinituma. Mchora vibao mwenyewe akaniambia kwa taabu kwamba ningechelewa dakika moja angekuwa majivu, na habari ya macho nisijisumbue nayo, macho ni macho, hata yeye huchanganya rangi jua likiwa kali. Breki naye yupo pale kila ninapokwenda. Ameacha kuendesha. Anamwosha uso, anamlisha, anambeba kumpeleka chooni. Yeye ndiye aliyekanyaga ule mkono. Alinifuata korido akaniambia, "Mzee, wewe ulikosea macho, mimi nilikosea miguu, na miguu haikutiwa matone." Akalia, pande la mtu, akajifuta kwa kola. Nikampigapiga begani. Nikamwambia asijali.

Sasa fika hapa ukae chini, mdogo wangu.

Nilipokuwa nakuhesabia nilivyoegesha, kuna kitu nimekiruka, na wewe niliyekufundisha kushika spana umeshaona kwamba hakipo. Umeshaniuliza moyoni, kaka, na plagi? Ndiyo. Mimi pikipiki nikiiacha mjini nang'oa plagi. Sijawahi kuacha hata siku moja tangu pale gereji, na siku ile sikuacha. Niliing'oa kwa ile spana fupi, nikaiviringisha kwenye kitambaa changu, nikaitia mfuko wa shati. Wenye mnyororo wanakatiwa mnyororo, wenye kufuli wanavunjiwa kufuli, lakini bila plagi mwizi atapiga kiki mpaka agote goti.

Pikipiki isiyo na plagi haina cheche, haiwaki. Hilo hata shemeji wa mkanda na sabuni analijua.

Ile ya mchora vibao ilikuwa imelala ubavu, injini inanguruma, gurudumu la nyuma linazunguka peke yake. Nimekuandikia juu kwamba nilitoa kitambaa nikafuta machozi. Nilipokiinua kitambaa, kitu kigumu kikanigonga juu ya jicho. Nikakifumbata. Vidole vyangu havina mboni, hakuna matone yanayoviharibu. Vikaisikia ile plagi, vikasikia hata ule mkwaruzo wa pale spana ilipoteleza wiki moja kabla. Masikio yangu yanasikia injini ya mwenzangu inawaka pale chini, na mkono wangu umeshika plagi ya injini yangu. Nilijua. Mdogo wangu, nilijua kama ninavyojua jina la mama yetu.

Na baada ya hapo ndipo Breki aliponigeukia akauliza, "Mzee, ndiyo hii?" Nikatikisa kichwa kukubali. Nikasema ndiyo hiyo.

Usiniulize kwa nini kwa haraka, nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Watu walikuwa wananiita mzee wetu. Nilikuwa nimeshapiga kelele, mtaa mzima umekimbia kwa neno langu, na mimi nilisimama pale nikaona aibu ya kusema jamani nimekosea, mtacheka. Aibu ya kuchekwa, hiyo tu. Nikajiambia labda leo nilisahau kuing'oa. Nikajiambia labda hii ni plagi ya zamani. Nikajiambia watampiga makofi mawili halafu nitasema polepole. Unajua ninavyobisha. Nimebishana na wateja, na askari, na marehemu shemeji yako, na siku ile nilibishana na kitu kilichokuwa mkononi mwangu.

Muda wenyewe haukuwa mrefu. Ukifungua nati ya oili ya injini ndogo, muda ule oili inapomiminika mpaka ianze kudondoka tone moja moja, basi ndio huo. Ndani ya muda huo mkono wa mchora vibao ulikuwa chini, Breki akaukanyaga kwa kisigino. Kabla ya kuukanyaga, Breki alinigeuzia uso, akanitazama mimi kama kuniuliza tena. Nami nikatazama kando. Nilisikia mifupa. Watu wanadhani nilimwangukia kwa ushujaa. Ni harufu ya petroli iliyonifungua mdomo. Nilipoinusa nikaona kwamba hili sasa halitarudi nyuma. Na ufunguo niliutoa kwa ujanja, kwa sababu ningetoa plagi, mtu yeyote aliyewahi kuendesha pikipiki angeniuliza, mzee, hii umeishika tangu saa ngapi?

Askari nao sikuwaambia. Daktari aliposimama upande wangu, nilinyamaza.

Jumanne nilikwenda wodini asubuhi, Breki alikuwa ameenda kuchota maji. Mke wa mchora vibao alikuwa anakunja shuka. Niliitoa plagi nikaiweka kitandani juu ya blanketi, nikamweleza mumewe kama nilivyokueleza wewe. Nilisema kwa mkato, sikupamba. Yule mama aliacha kukunja. Mchora vibao aliitazama plagi muda mrefu, hakuigusa. Akaniuliza jambo moja tu, kwamba mkono wake ulikanyagwa kabla sijatikisa kichwa au baada. Nikamwambia baada.

Muuguzi akaingia, akampima, akatoka. Halafu mchora vibao akasema, "Macho nilishakusamehe, mzee. Hili lingine silisamehe leo, na kesho sijui." Nikasema nimesikia. Nikainuka. Akaniambia nisubiri. Akasema yule kijana anakuja hapa kila asubuhi anaomba radhi ya watu wawili na hajui. Akasema, "Kamwambie. Usimwambie koridoni. Mwambie mbele ya wale wale." Mke wake hakuniita baba. Alinifuata mlangoni, akanirudishia mfuko wa machungwa, mazima, akafunga mlango taratibu ili usipige kelele.

Wale wale watakuwepo Jumamosi. Kiongozi wa mtaa na mkubwa wa askari wa barabarani wameita waendesha bodaboda wote wa mjini, saa nne, pale pale barabara ya nyuma. Wameniomba mimi Mzee Funguo nizungumze. Niwafundishe kuegesha salama ili wezi wakose pa kushika, na niwaeleze ubaya wa kujichukulia sheria. Nilikubali kabla ya Jumanne, tena kwa majivuno. Nilimwambia kiongozi anitafutie kiti kirefu nionekane.

Nitakwenda. Nitaeleza nguzo, na ubao, na mnyororo juu ya nondo, kwa sababu ni kweli na ni vizuri wajue. Kisha nitaitoa plagi niinyanyue wote waione, na nitawaambia ilikuwa wapi Breki aliponiuliza. Sijui watafanya nini. Hasira zao ziko karibu, na pale hakuna atakayenilalia mimi. Askari watakuwepo, huenda wakaniandika upya, na safari hii si kwa habari ya matone. Mke wa kijana wangu hajui. Usimpigie simu. Usinitumie mtu wa kunizuia, unajua kaka yako hazuiliki.

Lakini wewe nakuomba uje. Lori la Ijumaa lina nafasi mbele, nimeshazungumza na dereva. Nakuomba usisimame mbele kunitetea, na ukisikia wananitukana usijibu. Mtafute Breki. Utamtambua kwa mabega, na kwa jinsi anavyosimama pembeni kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi. Simama karibu naye. Nikifika pale pa plagi, mshike bega, kwa sababu mguu ule aliuinua akiwa ananitazama mimi, na hiyo ni habari nzito kuisikia ukiwa umesimama peke yako.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na jirani yako mwenye redio, mwambie bado namkumbuka. Goti ulikande kwa maji ya moto. Ukinijibu, jibu kwa kuja. Kama hutaki kuja sitakulaumu, na baada ya Jumamosi ukitaka kunyamaza nami mwaka mzima, sitakulaumu pia.

Mimi kaka yako wa tumbo moja, niliyeulizwa nikatikisa kichwa kukubali.